Muda Nao ni Sabuni

Mhadhara kwa wakazi wa Mwanza kuhusu kufua nguo nyumbani bila kuumiza mazingira



Nimeombwa nizungumzie mazingira, nami nimechagua kuzungumzia beseni. Habari za misitu, viwanda na mikutano ya wakuu wa nchi zina wasemaji wake. Mimi nataka tuitazame kazi inayofanyika karibu kila nyumba ya mji huu: maji yanachotwa, sabuni inatiwa, nguo zinafikichwa, zinasuuzwa, zinaanikwa, kisha maji machafu yanamwagwa.

Yanamwagwa wapi? Hapa kwetu jibu ni fupi. Mji wetu umekaa juu ya mawe na miteremko. Kinachomwagwa uani Mabatini au Igogo huteremka. Kikishaingia mtaroni kinaishia Mto Mirongo au ufukweni, na mwisho wa vyote ni Ziwa Victoria. Na maji tunayokunywa huvutwa kutoka ziwa hilohilo. Kwa hiyo nikisema tufue kwa namna isiyoharibu mazingira, siwaombei samaki peke yao. Nawaombea na nyinyi.

Hoja yangu ya leo ni moja. Kufua vizuri bila kuumiza ziwa hakutaki sabuni ya ajabu wala mashine ya bei mbaya. Kunataka tujue ni nini hasa kinachotoa uchafu kwenye nguo, halafu tukitegemee zaidi kile ambacho hakimgharimu mtu wala ziwa. Kitu hicho ni muda.

Mambo manne yanayotakatisha nguo

Mwaka 1959 mtaalamu mmoja wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani, Herbert Sinner, alieleza kwamba usafi wowote unategemea mambo manne: dawa, nguvu, joto na muda. Dawa ni sabuni na jamaa zake. Nguvu ni kufikicha, kupiga na kusugua. Joto ni la maji. Muda ni ule ambao nguo inakaa ndani ya maji ya sabuni. Aliyachora mambo haya katika duara, na hadi leo wenye kazi ya usafi wanaliita duara la Sinner. Siri ya duara hilo ni kwamba ukipunguza kimoja, kingine lazima kiongezeke. Ukiongeza kimoja, unaweza kupunguza kingine, na nguo ikatoka safi vilevile.

Sasa tuyapime kwa bei yake. Dawa inanunuliwa dukani, na ikimwagwa inakwenda ziwani. Joto ni umeme, gesi au mkaa, na mkaa ni mti. Nguvu haichafui kitu, lakini inatoka mikononi mwa mtu, na tusifichane, katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, binti au dada wa kazi. Mara nyingi wanaohubiri mazingira husahau jambo hili. Humwambia mwanamke apunguze sabuni, asichemshe maji, asitumie mashine, na maana yake ni kwamba mgongo wake ndio ulipe. Mimi sikubaliani na uhifadhi wa namna hiyo. Kati ya mambo manne ya Sinner, muda peke yake ndio unaofanya kazi wakati wewe unafanya shughuli nyingine.

Basi tuloweke nguo. Paka sabuni ya mche penye uchafu mwingi, yaani kwenye kola, makwapa na pindo za suruali, kisha loweka kwa nusu saa hadi saa mbili kabla ya kugusa kitu. Kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kuloweka kunafaa zaidi, kwa sababu vimeng'enya humeng'enya jasho, damu na mabaki ya chakula taratibu. Ukitia na kutoa papo hapo umelipia kitu ambacho hukukitumia. Nguo yenye damu iloweke kwenye maji ya baridi, maana maji ya moto huigandisha damu kwenye uzi. Kanga mpya na batiki zitengwe, zisije zikachuja rangi kwenye shati jeupe. Na usiache nguo zilale kwenye beseni siku nzima katika joto letu, zitavunda, na utalazimika kuzifua upya.

Povu halifui

Kuna imani iliyotuganda: povu likiwa jingi, nguo ni safi. Ndiyo maana tunamimina unga kwa kukisia mpaka beseni lifure. Povu ni hewa iliyonaswa ndani ya utando mwembamba wa maji na sabuni. Kinachofua ni chembe za sabuni zenyewe. Kila chembe ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Upande wa mafuta unang'ang'ania uchafu, upande wa maji unauvuta utoke kwenye nguo. Chembe zikishatosha kuuzunguka uchafu uliopo, sabuni ya ziada haina kazi. Inaelea tu, ikisubiri kusuuzwa. Ushahidi ni sabuni zinazotengenezwa kwa ajili ya mashine zenye mlango wa mbele: zimeundwa zitoe povu dogo kwa makusudi, na nguo zinatakata.

Sabuni ya ziada ina hasara tatu. Umeinunua, utaimalizia maji mengi ya kusuuza, na itabaki kwenye uzi iifanye nguo iwe ngumu na mwili uwashe. Tafuta kijiko kimoja kikae ndani ya mkebe wa sabuni kiwe kipimo cha nyumba. Punguza kidogo kidogo kila unapofua mpaka ufike mahali ambapo nguo haitakati, kisha rudi hatua moja. Hicho ndicho kipimo cha nyumba yako.

Na sisi wa kanda hii tuna bahati ambayo hatuitumii. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, kwa sababu sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Maji ya mvua hayajapita kwenye mawe ya chokaa yakabeba kalsiamu na magnesiamu. Wenzetu wa pwani wanaotumia visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe wana maji magumu: sabuni ya mche inashikana na madini hayo na kuwa utando mweupe badala ya kufua. Wao wana sababu ya kutafuta sabuni ya unga, au ya kutia magadi kidogo kwenye maji kabla ya sabuni ili kuyalainisha. Anayefua kwa maji ya ziwa hana sababu hiyo. Sabuni ya mche inamtosha. Isitoshe, dukani inauzwa kwa kipande, haiji na kile kifuko kidogo cha plastiki ambacho tukishakichana kwa meno tunakiacha palepale. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko hivi vya sabuni bado vinaziba mitaro yetu.

Ziwa linavyoshiba

Tuingie sasa ziwani kwenyewe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, likigawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya. Ukubwa huo unatudanganya. Kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Ni sinia pana, si mtungi. Na maji yake hayatoki upesi: mengi hupanda angani kwa jua, na mto unaoyatoa ni mmoja, Nile, kule Jinja. Maji yanapopanda kuwa mvuke huacha nyuma kila kilichomwagwa.

Kati ya vinavyobaki, kimoja kinatuhusu sana leo: fosforasi. Miaka ya 1960 maziwa ya Amerika Kaskazini, hasa Ziwa Erie, yaligeuka kijani kwa mwani, na watu wakabishana nani wa kulaumiwa. Wenye viwanda vya sabuni walisema tatizo si fosfeti zao. Mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, walichukua ziwa dogo linaloitwa Ziwa 226 wakaligawa kwa pazia mahali palipo pembamba. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyohivyo, wakaongeza fosforasi. Upande wenye fosforasi ukafunikwa na mwani. Mwingine ukabaki kama ulivyokuwa. Picha iliyopigwa kutoka angani ikamaliza ubishi. Uswisi ikapiga marufuku fosfeti katika sabuni za kufulia mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukaziwekea kikomo kikali sabuni za nyumbani kuanzia mwaka 2013.

Fosfeti ilitiwa kwenye sabuni ya unga hasa kwa kulainisha maji magumu. Kwa hiyo anayetumia maji laini ya ziwa, akinunua sabuni yenye fosfeti, analipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, kisha dawa hiyo inakwenda kulisha mwani. Mwani ukifa unaoza, na kuoza kunakula hewa ambayo sangara na sato wanahitaji. Virutubisho hivyohivyo ndivyo vinavyolinenepesha gugumaji, mmea uliotoka Amerika Kusini na kuonekana katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaja kuzifungia bandari na kuwazuia wavuvi katika miaka ya 1990.

Nisizidishe chumvi. Maji ya kufulia si mkosaji mkubwa kuliko wote. Udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba yasiyo na matuta, mbolea, maji taka ya miji, vumbi na moshi unaodondoka na mvua, vyote vimo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na hii ya beseni ni haba iliyo mikononi mwetu. Unaponunua sabuni ya unga, geuza pakiti usome. Ukikuta neno fosfeti, rudisha uchukue nyingine.

Cha asili nacho kina sumu yake

Wapo watakaoniuliza: kwa nini tusirudie tu mambo ya mababu, majivu, mizizi na matunda yanayotoa povu? Nitajibu kwa kisa cha kweli. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, alikuwa Adwa, kaskazini mwa nchi yake, akichunguza kichocho. Aliona kwamba mtoni, chini ya mahali ambapo wanawake walifulia nguo kwa matunda ya mmea wanaouita endod, konokono walikuwa wamekufa wengi kuliko mahali pengine. Konokono ndiye anayebeba vimelea vya kichocho. Lemma akaufanyia utafiti mmea ule kama njia ya kupambana na ugonjwa, na mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walitunukiwa tuzo ya Right Livelihood.

Tunaweza kukisimulia kisa hiki kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini tukisikilize pia upande wake wa pili. Sabuni hiyo ya asili iliua viumbe wa mtoni, na povu la mimea ya aina hiyo huua hata samaki. Kitu kuwa cha asili hakukipi kibali cha kumwagwa mtoni. Majivu yana magadi makali yanayochoma ngozi. Sabuni ya mche yenyewe, iliyotokana na mawese ya Kigoma, ikimiminwa kwenye kijito kidogo inadhuru. Swali la kwanza si kama sabuni ni ya kiwandani au ya porini. Ni kama inaingia majini au inaingia ardhini.

Kwa hiyo tusifulie ziwani wala mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe wa ziwa. Na hata kama sheria isingekuwapo, kichocho kipo. Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo ya nchi yanayosumbuliwa sana na ugonjwa huu, na vimelea vyake huingia mwilini kupitia ngozi ya mtu aliyesimama majini, kama anavyosimama mfuaji. Chota maji, yapeleke nyumbani, yaache yalale siku mbili kabla ya kuyatumia. Vimelea vilivyomo visipopata mwili hufa ndani ya muda huo. Hapo tena muda umefanya kazi ambayo dawa ingefanya.

Hesabu ya ndoo

Maji mengi ya kufulia huishia kwenye kusuuza, na hapa hesabu ndogo inaokoa ndoo nzima. Chukua nguo zilizokamuliwa mpaka zikabaki na lita 1 ya maji ya sabuni. Una lita 18 za maji safi. Ukizisuuza mara moja kwa lita zote 18, sabuni iliyobaki katika nguo ni sehemu moja kati ya 19 ya ile ya mwanzo. Zigawe lita hizohizo mara mbili, 9 na 9, ukikamua katikati: itabaki sehemu moja kati ya 100. Maji ni yaleyale, usafi umezidi mara tano. Anayesuuza chini ya bomba linalotiririka hapati hesabu hii. Maji yake mengi yanapita kando ya nguo.

Kisha fuata utaratibu wa mafundi dobi: nyeupe kwanza, za rangi baadaye, za kazi na za gereji mwisho, ndani ya povu lilelile. Maji ya suuzo la mwisho yawe ya kulowekea mzigo unaofuata, ama ya kupigia deki, ama ya kumwagia chooni.

Maji ya kwanza, yale mazito, usiyapeleke mtaroni. Yamwage kwenye udongo, chini ya mgomba, mpapai au mwembe, ukibadilisha mahali kila mara ili chumvi za sabuni zisirundikane. Vijidudu vya udongo vitaivunja sabuni polepole kabla haijafika popote. Yamwage siku ileile, kwa sababu yakilala yananuka. Usiyamwagie mchicha wala nyanya, na maji ya nepi yaende chooni. Wenye nyumba zilizokaa juu ya jiwe tupu, ambako hakuna udongo wa kunywa maji, wachimbe shimo dogo la kokoto na mchanga pale mteremko unapoanza.

Jua, jiki na pasi

Katika nchi za baridi watu hukausha nguo kwa mashine zinazokula umeme mwingi, nasi tunaanza kuzitamani. Jua la hapa ni mali. Linakausha, linaua vijidudu, na linang'arisha nguo nyeupe, hasa ikianikwa bado mbichi ikiwa imepakwa maji ya limau penye doa. Za rangi zigeuze ndani nje ili zisipauke.

Jiki itumike kwa haja maalumu, kama vile nguo za mgonjwa, isiwe desturi ya kila mfuo. Inakula uzi, na ikifika majini ni sumu. Na tafadhali, usiichanganye na siki, limau wala dawa ya choo yenye asidi: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kukuua bafuni. Nepi iliyojaa mkojo nayo isuuzwe kwanza kabla ya kukutana na jiki, kwa sababu hiyohiyo ya gesi yenye sumu.

Pasi ya mkaa tuiwashe mara moja kwa mzigo wa wiki nzima, siyo kila asubuhi kwa shati moja. Shati likikung'utwa na kuanikwa vizuri kwenye kiango, kazi ya pasi inabaki ndogo. Lakini nguo za watoto wachanga na za ndani sishauri ziachwe bila pasi, hasa majira ya mvua. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, na funza wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi huyaua mayai hayo.

Wenye mashine za kufulia wafahamu kwamba sehemu kubwa ya umeme wake huliwa na kuchemsha maji. Weka kwenye maji ya baridi, ijaze mzigo wake sawasawa, acha programu ndefu ifanye kazi. Ni duara la Sinner lilelile: joto limepungua, muda umeongezeka.

Jambo la mwisho ni kitambaa chenyewe. Madera na mitumba mingi tunayovaa ni poliesta, akriliki au mchanganyiko, yaani plastiki iliyosokotwa kuwa uzi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mzigo mmoja wa kilo 6 wa nguo za akriliki katika mashine unaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Ni vigumu kuziona kwa jicho, wala haziozi. Nguo hizi zifuliwe kwa upole na maji ya baridi, tena zisifuliwe bila sababu. Sweta lililovaliwa nusu saa asubuhi halijachafuka. Litundike lipate upepo. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua pamba.

Ndugu zangu, sikuja na orodha ya vitu vya kununua. Nimekuja kuwaomba mambo matano yanayoweza kuanza mfuo ujao: loweka kabla ya kufikicha, pima sabuni kwa kijiko, kamua kisha suuza mara mbili kwa maji machache, mwaga maji kwenye udongo wala si mtaroni, na usifulie ziwani. Naongeza la sita kwa akina baba na vijana wa kiume waliomo humu: anayevaa nguo anaweza kuifua. Kazi hii ikigawanywa, hakuna atakayelazimika kuiharakisha kwa sabuni nyingi. Ziwa hili tumeachiwa na waliotutangulia likinyweka. Tuwaachie wanaokuja likinyweka vilevile.